Mama Punguza: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuitafuta Sauti ya Gitaa

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa Studio Namba Mbili atakabidhi funguo zake, mita yake ya umeme na bisibisi ndogo ya mpini mwekundu ambayo hajawahi kumwazima mtu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu, mwezi mmoja na siku tisa katika Idara ya Muziki ya redio yetu. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Alinipa huku amekunja uso, akasema nikikosea hata moja nitaiandika upya makala yote.

Jina lake kamili limo kwenye hati za ofisi na halitumiki popote pengine. Sote tunamwita Mama Punguza. Mwanamuziki akija kulalamika kwamba ala yake haisikiki, yeye humjibu neno moja: "Punguza." Mtu akisema, "Mama, nimesema sisikiki," humjibu, "Nimekusikia. Punguza." Na mara nyingi mtu akipunguza, anasikika. Mhasibu wetu alipomlalamikia kwamba siku hizi halali vizuri, alimtazama akitia kijiko cha tano cha sukari kwenye chai, na mhasibu akapata jibu lilelile.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na sita, akapewa kazi ya kukunja kebo. Wanaume wa karakana waliambizana kwamba hatamaliza mwezi. Enzi hizo mwanamke ndani ya studio alikuwa mwimbaji au mleta chai, basi. Yeye alikunja kebo mwaka mzima, na kila kebo aliijaribu kwanza kwa mita. Iliyokufa aliikata na kuichomea upya. Mwaka ulipokwisha, karakana ikagundua kwamba haijaagiza kebo mpya hata moja. Mume wake, fundi cherehani, alimshonea koti la kijivu lenye mifuko kumi na moja, na tangu hapo ukimwona anajipapasa kifuani usishtuke: haumwi moyo, anatafuta koleo.

Mwaka wake wa tisa kazini ndipo ilipoingia ile mashine iliyompatia sifa hadi nje ya jengo hili. Ilikuwa priampu ya valvu. Kwa wenzetu wa uhasibu na utawala: priampu ndiyo inayoipokea sauti ya gitaa kwanza kabisa, ikiwa bado nyembamba, ikaipa mwili na tabia kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya na spika. Hii yetu ilikuwa na valvu mbili, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama kaa, na zaidi ya hapo ilikuwa na kumbukumbu. Ukishaipanga sauti unayoitaka unaipa namba, kuanzia moja hadi mia moja ishirini na nane. Siku ya pili unabonyeza namba kwa mguu, sauti inarudi vilevile ulivyoiacha. Ilinunuliwa kutoka studio iliyokuwa inafungwa, na hatukuchukua muda kuelewa kwa nini waliiuza kwa furaha.

Kiwandani waliijaza sauti za kutisha. Ukiwa peke yako chumbani, zilikufanya ujione mfalme. Bendi ikiingia tu, gitaa lilizama, likabaki kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Mpiga gitaa la solo wa bendi yetu wakati huo alikuwa mtu mrefu, mpole, mla pipi za mnanaa, ambaye tulimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kuharakisha noti. Mke wake alipenda kutuambia kwamba hata kumchumbia kulimchukua miaka minne. Taratibu aliijaribu mashine siku mbili, kisha akaibeba kifuani hadi karakana.

"Mama, hii inapiga kelele, haipigi gitaa," alisema. "Irudisheni ilikotoka."

"Nipe wiki tatu," alijibu Mama Punguza.

Wiki ya kwanza hakugusa kitufe hata kimoja cha sauti. Aliifungua kifuniko, akaiwasha, akazigonga valvu kwa ncha ya penseli huku akisikiliza kwenye spika. Moja ikajibu kwa mlio kama wa kengele. Akaing'oa na kuweka nyingine aliyoitoa kwenye gramafoni mbovu ya zamani. Aligundua pia kwamba mashine ikiwa baridi inadanganya, kwa hiyo akaweka sheria kwamba hakuna kupanga sauti yoyote kabla ya dakika ishirini za kuipasha moto. Wanamuziki walizitumia dakika hizo kunywa chai na kumsema.

Wiki ya pili alifuta sauti zote za kiwandani. Besi, trebo (yaani sauti za juu) na sauti za katikati akaziweka usawa, geini akaishusha mpaka chini, kisha akaanza kuipandisha kidogokidogo. Geini ndiyo inayoleta ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, na kila mpiga gitaa huamini kwamba akiiongeza ndipo atakapopata nguvu. Yeye alimwambia Taratibu apige kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ya nyuzi zote sita, akawa anahesabu kama anausikia kila uzi. Uzi mmoja ukipotea, anarudi nyuma. "Nataka nisikie vidole vyako," alimwambia. "Mashine nimeisikia vya kutosha."

Wiki ya tatu aliwataka mpiga ngoma na mpiga besi waje saa moja kabla ya mazoezi, wakaja wakinung'unika. Alisimama pale anaposimama mpiga gitaa, sauti ikiwa juu kama siku ya onyesho, kwa sababu alisema sauti iliyopangwa kwa unyenyekevu chumbani haiwezi kusimama mbele ya ngoma. Alikata besi ya gitaa ili isigombane na gitaa la besi. Sauti za katikati, ambazo wengine wote huzikata ili gitaa ling'ae, akaziacha. Mwisho akagundua kwamba priampu ilikuwa inaisukuma amplifaya kupita kiasi, na ule uchafu ambao valvu zililaumiwa kwa ajili yake siku zote ulikuwa unatoka huko. Akapunguza kinachotoka priampu, akapandisha amplifaya.

Siku ya kumi na tisa Taratibu alipiga noti moja, akaiacha ife yenyewe. Kisha akasema, "Hii inanijua."

Waliihifadhi kwenye namba arobaini na moja. Kwa miaka saba iliyofuata, mtu yeyote aliyefungua redio yetu Jumamosi mchana aliisikia sauti hiyo. Wasikilizaji waliandika kuuliza kama tumeajiri mpiga gitaa mpya.

Kila sauti aliyoipanga aliiandika pia kwenye daftari, kwa mkono, kila kitufe na kipimo chake. Tulimcheka. Tulimuuliza faida ya mashine yenye kumbukumbu ni nini ikiwa mtu bado anaandika kama karani. Mwaka wa sita tangu mashine ije, betri ndogo iliyomo ndani yake, ile inayotunza kumbukumbu, ikafa, na sauti zote zikafutika asubuhi ya siku ya onyesho. Alibadilisha betri, akavaa miwani, akafungua daftari. Saa saba mchana kila kitu kilikuwa mahali pake. Kisha alipita tu mezani kwa kila mmoja wetu na daftari limefunguliwa.

Ningependa niishie hapo, niandike salamu zangu na kuweka kalamu chini. Siwezi. Mimi ninayeandika ni mwendesha mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, wa studio ileile; nimekaa nyuma ya kioo kilekile miaka ishirini na minane, na kinachofuata kinanihusu.

Mwaka wake wa kumi na sita kazini tulifungiwa mikisa mpya. Mara ilipounganishwa na raki ya gitaa, lile kabati lenye priampu na amplifaya, gitaa likaanza kuvuma. Ulikuwa mvumo mzito, wa chini, ulioingia hata kwenye namba arobaini na moja na kuitia ukungu. Mama Punguza aliutambua siku hiyohiyo. Mikisa na raki zilipata umeme kwenye soketi mbili tofauti, kila moja na njia yake ya kwenda ardhini, na mvumo ulikuwa unazunguka katikati ya njia hizo mbili. Dawa yake ilikuwa transfoma mbili ndogo za kuitenganisha sauti. Alijaza fomu, akaipeleka kwa meneja wa idara mwenyewe.

Ilikuwa imebaki wiki nne tufanye onyesho la kuadhimisha kuanzishwa kwa redio, moja kwa moja, mbele ya wageni. Transfoma zingechukua wiki tatu kufika.

"Vumilieni mvumo mpaka zifike," Mama Punguza alituambia. "Wiki tatu si nyingi."

Meneja hakumjibu yeye. Alinijibu mimi, kwenye ngazi, tukiwa wawili. "Wewe ndiye unayekaa kwenye mikisa. Sitaki nisikie mvumo huu tena. Fanya ufanyavyo."

Alhamisi iliyofuata Mama Punguza alikuwa na ruhusa ya kumpeleka mama yake kliniki ya macho. Siku tatu kabla, Jumatatu, alikuwa amekagua plagi na soketi zote za studio na kutia sahihi, kama alivyofanya kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mimi nilifungua plagi ya raki ya gitaa. Ndani mna waya tatu. Ule wa kijani na njano ni waya wa ardhi: kazi yake ni kuupeleka umeme ardhini na kukata fyuzi siku chombo kinapoharibika ndani, ili usipite kwa mtu. Ukiukata, chombo kinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Na mvumo unakwisha. Nilikuwa nimesikia mafundi wa kumbi za harusi wakifanya hivyo. Niliukata, nikaufunga ncha yake kwa tepu nyeusi, nikakaza skrubu. Ilinichukua dakika nne.

Gitaa likasikika safi kuliko siku zote. Meneja alinipiga bega. Ijumaa Mama Punguza aliporudi alisimama katikati ya studio, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Mvumo umekwenda wapi?"

"Nimebadilisha njia za nyaya," nilisema.

Alinitazama kidogo, akasema, "Umefanya vizuri," akaenda kuvaa koti.

Tulipiga siku kumi na mbili bila tatizo. Siku ya kumi na tatu, Jumatano, saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye mazoezi. Ndani ya amplifaya iliyokuwa chini ya priampu, transfoma ya zamani ilikuwa imechoka, umeme ukaanza kuvuja kwenye bati la chombo. Kwa kuwa njia ya ardhini haikuwepo, fyuzi haikukatika. Umeme ulikaa pale, kwenye bati, kwenye kebo, kwenye nyuzi za gitaa, ukisubiri mtu aguse kitu kingine.

Taratibu alikuwa anapiga bila kuimba. Ulipofika mstari wa pili, ambao mwimbaji alimwomba amsaidie, alisogea hadi midomo ikagusa maiki, ambayo kupitia mikisa ilikuwa na njia ya kwenda ardhini. Nilisikia mlio mfupi kwenye visikilizio vyangu, tak, nikadhani ni kebo. Nikashusha mkono kupunguza sauti. Nilipoinua macho alikuwa amesimama, mdomo kwenye maiki, mkono umekaza shingo ya gitaa, na hakuna aliyeelewa kwa nini haimbi.

Aliyeelewa alikuwa mmoja. Mama Punguza alitoka karakana kwa mbio ambazo sijamwona nazo kabla wala baada, akashusha swichi kuu, giza likaingia, na katika giza lile tukasikia Taratibu anaanguka. Mtu akafungua mlango. Tulimkuta Mama Punguza amepiga magoti tayari, anamkandamiza Taratibu kifua kwa mikono miwili, anahesabu kwa sauti. Alihesabu hivyo mpaka gari la hospitali lilipofika, dakika ishirini na sita. Walipombeba, alibaki amepiga magoti akiendelea kuhesabu.

Taratibu alikuwa na miaka arobaini na minne. Aliacha mke na mabinti wawili.

Alasiri ileile, kabla polisi hawajamaliza kuandika, Mama Punguza alikuja chumba cha mikisa na kufunga mlango nyuma yake. Alikuwa ameifungua plagi mbele ya askari. Mimi hufunga tepu kwa kukunja ncha yake ndani, ili iwe rahisi kuibandua. Hakuna mwingine humu anayefanya hivyo, na yeye ndiye aliyenifundisha.

"Ni wewe?" aliniuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Basi kaseme. Mimi sitakusemea."

Nilisema nitasema. Sikusema. Nilijiambia nitasema baada ya mazishi, kisha baada ya arobaini, kisha baada ya kamati kumaliza kazi. Nilikuwa na mke mjamzito, na hofu haikosi sababu.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mama Punguza aliwaambia kwamba waya ulikatwa baada ya ukaguzi wake, kwamba aliyeukata anajijua, na kwamba meneja alikuwa na fomu yake ya transfoma mezani tangu mwanzo wa mwezi. Walimuuliza kama aliona mvumo umekwisha. Angeweza kukataa, hakuna ambaye angembishia. Alisema: "Niliona. Mvumo hauondoki wenyewe, nami nilijua hivyo. Nilikuwa nimechoka na maneno ya ofisi, nikaufurahia ukimya, nikaamini nilichoambiwa."

Waliishika sentensi hiyo moja, nyingine wakaziacha. Jarida hilihili unalolisoma lilitoa taarifa kwenye ukurasa wa pili kwamba ajali ilitokana na uzembe wa fundi mkuu. Akavuliwa cheo, akahamishiwa bohari ya viti na mapazia. Mke wa Taratibu, ambaye kila mwaka mpya walikuwa wanapikiana, aliacha kumwamkia. Mume wa Mama Punguza alikuja kuniambia baadaye kwamba nyumbani kwao redio ilitolewa sebuleni, ikawekwa juu ya kabati, ikageuzwa uso ukutani. Hakuwa ananilaumu, kwa sababu hakuwa anajua. Mkewe hakumwambia hata yeye.

Mwezi wa nne baada ya mazishi nilimwona mke wa Taratibu kituo cha basi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa ubeti niliousoma msibani, kisha akasema, "Yule mwanamke namwombea mabaya kila siku, shemeji. Mungu anisamehe, lakini namwombea mabaya." Basi lake likaja. Sikumwacha apande. Nilimwambia pale pale, watu wakipita. Hakupiga kelele. Aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu, akaufuta kwenye kanga yake, akaniuliza jambo moja tu:

"Yeye alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Miezi yote hii?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akakaa chini kwenye ukingo wa barabara.

Siku hiyo nilikwenda polisi kwa miguu yangu, kisha kwa meneja. Mahakama ilinipa kifungo cha nje cha miezi kumi na minane. Ofisi ilinisimamisha nusu mwaka, ikanishusha cheo, ikanirudisha kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeijua mikisa mpya. Meneja alistaafu kwa heshima, na picha yake ikatoka jaridani ikiwa na maua. Kuhusu Mama Punguza niliambiwa shauri lake limefungwa, na kwamba fundi mkuu bado alipaswa kukagua. Alikaa bohari miaka miwili na nusu. Taarifa ya ukurasa wa pili haikusahihishwa.

Naisahihisha hapa, kwa idhini ya mhariri: haukuwa uzembe wake. Waya niliukata mimi, nikamdanganya.

Mke wa Taratibu alikwenda kwa Mama Punguza wiki ileile niliyomwambia ukweli. Walichozungumza sikijui. Najua tu kwamba alikaa tangu asubuhi hadi watoto waliporudi shule, na kwamba mwaka mpya uliofuata sahani zilianza tena kupita kati ya nyumba zile mbili.

Wakati huo studio ilikuwa imepata mpiga gitaa mwingine, binti mwenye mkono mzuri na kisirani, ambaye kila Jumamosi aligombana na ile priampu. Wapangaji watatu wa sauti waliletwa kutoka nje. Wote waliongeza geini. Meneja mpya, mwanamke aliyetoka idara ya habari, aliteremka bohari na kumkuta Mama Punguza anahesabu viti.

"Nasikia wewe ndiye unayeiweza."

"Naiweza. Lakini sirudi bila karatasi."

Karatasi hiyo ipo, imebandikwa mpaka leo kwenye mlango wa karakana. Ina masharti matatu. Kila plagi ya studio ifungwe na kupakwa rangi yake kwenye skrubu, ili ikifunguliwa ijulikane. Kila soketi iwe na swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja. Na fundi yeyote, hata aliyeingia jana, aweze kusimamisha matangazo kwa ajili ya umeme bila kuulizwa kitu. Meneja alitia sahihi akiwa amesimama.

Asubuhi ya kwanza aliyorudi Mama Punguza aliniita. Alikuwa amepanga plagi zote za studio juu ya meza ndefu, thelathini na nane, zimefunguliwa.

"Kaa," aliniambia. "Funga."

Nilifunga zote, yeye akikagua moja baada ya nyingine kwa mita. Mbili alinirudishia. Ilipofika jioni alizipaka rangi, akazima taa ya meza. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kwa miaka kumi na minne tumekaa kwenye meza ileile, mimi nikifungua, yeye akipima. Kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyeguswa na umeme katika Studio Namba Mbili. Mara tisa matangazo yamesimamishwa. Mara nane hakukuwa na tatizo, na hakuna aliyelaumiwa.

Kwa yule binti mwenye kisirani alianza upya kabisa. Alikataa kumpa sauti ya Taratibu, ingawa binti aliiomba na daftari lilikuwepo. "Vidole vyako si vyake," alimwambia. "Ukivaa nguo yake utajikwaa." Wakaanza na dakika ishirini za kupasha moto, geini chini, nyuzi sita zihesabike. Ilichukua wiki tano safari hii, kwa kuwa binti alikuwa anabishana kila kipimo, na nadhani Mama Punguza aliyafurahia mabishano hayo kuliko alivyokiri. Leo binti huyo ana jina hata nje ya mipaka, na kila anapoulizwa siri ya sauti yake hujibu kwamba kuna mama mmoja alimkataza kuongeza.

Mama Punguza amefundisha mafundi kumi na mmoja. Sita kati yao ni wanawake, na hakuna aliyeanza kwa kuambiwa hatamaliza mwezi. Daftari zake, sasa ziko saba, zimepigwa chapa upya na zitabaki karakana. Miaka miwili iliyopita sikio lake la kushoto lilianza kumkimbia. Alitangaza mwenyewe kwenye mkutano wa wafanyakazi, akaacha kupanga sauti siku hiyohiyo, akabaki na mita. Alisema mita haihitaji masikio.

Mwezi uliopita mhariri alinipa kazi ya kuandika wasifu huu. Nilikwenda karakana kumwomba ruhusa, kwa sababu hakuna njia ya kuandika maisha yake ya kazi bila kuandika jambo hili, na sikutaka alisome kwanza ukurasani. Alikuwa anakunja kebo. Aliendelea kuikunja mpaka ikaisha, akaining'iniza.

"Andika," alisema. "Ila usije ukaandika kwamba nimekusamehe. Watu wanapenda mambo ya namna hiyo kwenye sherehe. Sijakusamehe. Nimejaribu, haijaja, na sasa ninazeeka."

Nikamuuliza niandike nini basi.

"Andika kwamba tulifanya kazi pamoja. Hilo ni kweli, na halikuwa rahisi."

Tulifanya kazi pamoja, na halikuwa rahisi. Naliandika kama alivyolisema.

Mama Punguza, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Idara ya Muziki, waliopo na waliotangulia, tunakushukuru kwa kila kebo, kila daftari, na kila mara uliyosimama mlangoni ukasema simamisheni. Tunamshukuru pia mzee wa cherehani aliyekungoja chakula kikipoa miaka yote hii. Upate afya, wajukuu wasikuchoshe, na nyumba yako iwe na ukimya ambao unajua unatoka wapi.